Mama Anaoa

Turwa, 11 Februari

Mokami mdogo wangu, salamu zianze kwako wewe mwenyewe, zipite kwa shemeji Ogada, natumaini mguu wake umeanza kukanyaga chini, zifike kwa mama mkwe wako umpe shikamoo yangu kwa mikono miwili, kisha ziwaendee watoto kila mmoja kwa jina lake, Otieno, na Aoko, na huyo mdogo ambaye sijambeba bado. Hapa kwangu Dorah anakusalimu, anajifunza kushona kwa Rahima fundi na ameshajichoma kidole mara mbili. Nashoni anakusalimu, meno ya mbele yameng'oka, akicheka ni mlango wazi. Jumaa mwenye nyumba wetu anakusalimu. Hakujui, ila ameniona naandika akasema na yeye nimweke. Akinyi jirani yangu muuza dagaa anakusalimu sana, na ndiye atakayekuletea daftari hili akija Sirari mpakani kuchukua mzigo.

Mama ningependa kusema anakusalimu. Lakini mama yetu wa Itiryo siku hizi hana salamu, ana siri, na siri hiyo ndiyo imenifanya nimwombe Dorah daftari lililobaki kurasa. Simu yako tangu Krismasi inaniambia hupatikani. Basi nitaandika siku yenye neno, na siku isiyo na neno nitaandika mvua. Niliishia darasa la tatu, kwa hiyo usiangalie herufi, angalia ninachosema.

Akinyi ametoka mnada wa Itiryo leo, hata ndoo hajatua, akaniambia: "Mama Dorah, mama yako anaoa."

Unamjua Akinyi na Kiswahili chake. Huyu ndiye aliyetangaza ng'ombe wa Jumaa amezaliwa, watu wakaenda kuangalia ndama wakakuta ng'ombe amezaa. Akiuziwa anasema ameuza. Nikamrekebisha, nikamwambia mwanamke haoi, anaolewa. Akasema, aya, hiyo hiyo, mimi nimebeba nilivyosikia sokoni.

Nilicheka. Halafu nikakaa chini. Mama anaolewa. Na miaka yake ile.

12 Februari

Mvua bado. Nimeunguza mandazi yote ya kuuza kwa hasira.

18 Februari

Nimekwenda Itiryo. Sikiliza niliyoyakuta.

Mama amesiriba nyumba ndogo ya nyuma, ile tuliyokuwa tukilala mimi na wewe, udongo mpya, mlango mpya, na dirisha amelitia wavu. Uani amekaa mzee mmoja, mrefu, koti la suti, amekuja kutoka pande za Mugumu, jina lake mzee Magabe. Na amekalia nini? Amekalia kiti cha tata. Kile cha miguu mitatu ambacho tangu tumzike baba yetu hakuna aliyekikalia, hata wageni wa matanga walikizunguka. Huyu amekaa, amepanua magoti, na mama anammiminia togwa ya kwanza.

Nimempa shikamoo ya meno. Akanitazama vizuri akauliza, "Wewe ndiye Waisiko mwenye ng'ombe?"

Mokami, hata maji sijanywa, mtu anauliza ng'ombe. Nikamjibu ng'ombe wapo zizini kwa mwenyewe. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Nilitaka kummwagia ile togwa.

Nikamfuata mama jikoni, nikamuuliza huyu ni nani. Akasema ni mgeni, na mgeni hachunguzwi, jembe liko nyuma ya mlango. Unamjua. Ukimuuliza neno anakupa kazi. Nikalima mpaka jioni, na kila nikinyanyua kichwa naona lile koti juu ya kiti cha tata.

Wewe uko kwa mume wako, una pa kuchimba mhogo. Mimi mume wangu aliingia migodini mwaka ule hakurudi, na ndugu zake wameuza sehemu yake mpaka jiwe la kunolea. Hapa Turwa nalipia chumba. Mahali pekee duniani ninapoingiza jembe bila kuomba mtu ni ule mteremko wa Itiryo, kutoka migombani hadi kijitoni. Nimeulima tangu tata afe. Dorah amesoma kwa mahindi ya pale. Sasa mzee wa Mugumu aje na koti lake, mama amfuate au amweke ndani, mimi na wanangu twende wapi?

24 Februari

Nimekichukua kiti. Mama alikuwa kanisani. Nimekifunga kwa khanga nyuma ya pikipiki, dereva akauliza ni mtoto anaumwa, nikasema ndiyo. Kiko chini ya kitanda changu. Akija tena achuchumae.

2 Machi

Nimekwenda kwa Nikodemo dukani kwake. Ndiyo, yule yule mtoto wa baba mdogo, siku hizi anauza saruji na mabati, ana kitambi. Nilijiuliza njiani, nikaona katika ukoo mwanaume aliyebaki mwenye sauti ni yeye. Nikamweleza kila kitu, mzee, koti, nyumba iliyosiribwa. Nikamwambia mama anaolewa, tusaidie.

Alinisikiliza vizuri kuliko siku zote. Alinipa soda baridi. Akaniuliza tena, "Dada, una uhakika anaolewa?" Nikasema nina uhakika. Akasema nimefanya la maana kumwambia, nisiwe na wasiwasi, ardhi ya ukoo haitapotea.

Nimerudi nimepumua.

6 Machi

Mvua imeanza. Imenyesha hata Jumaa amehamisha magunia.

9 Machi

Nimepanda Itiryo, mimi na mama, mistari miwili miwili, hatusemeshani. Hakuuliza kiti. Mimi sikusema kiti.

15 Machi

Mvua. Nashoni ana mafua.

21 Machi

Mokami, nimefanya nini.

Nimefika Itiryo kupanda maharage katikati ya mahindi, nikakuta chini kule kijitoni, ile sehemu nyeusi inayotoa mahindi makubwa, jembe la ng'ombe linapita juu ya mimea yetu iliyokwisha kuota. Vijana wanne nisiowajua. Na mkonge umepandwa mstari kama mpaka, kutoka kwenye jiwe hadi kwenye mkuyu wa maji. Nikauliza nani amewatuma. Wakasema bosi Nikodemo.

Nilipanda pikipiki hivyo hivyo na matope, nikaingia dukani kwake mbele ya wateja. Hakuona haya hata kidogo. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba mjane akikaa kwenye boma la mume anakula shamba, lakini mjane akiolewa nje, shamba linarudi kwa ukoo wa marehemu. Na ukoo ni yeye.

Nikamwambia mama hajaondoka. Akanijibu, "Dada, shahidi si wewe? Wewe ndiye uliyesema anaolewa. Nilikuuliza mara mbili."

Wateja wakaangalia chini. Mmoja alikuwa ameshika misumari yake mkononi hajui aiweke wapi.

Yaani mimi, kwa miguu yangu, nimekwenda kumfungulia fisi mlango, tena nikanywa na soda yake. Sasa nina hasira na watu wengi hata sijui nianze na nani. Nina hasira na Nikodemo, kwa sababu tata ndiye aliyemlipia shule. Nina hasira na mzee Magabe. Na mama nina hasira naye zaidi, angefunua mdomo siku ile jikoni tusingekuwa hapa.

22 Machi

Sijaenda popote. Mandazi yameuzika.

3 Aprili

Mvua ya mawe. Majani ya migomba yamechanika kama nguo kuukuu. Mahindi ya juu yamepona, ya pembeni yamelala.

10 Aprili

Wito umefika. Nikodemo ameita wazee wa ukoo waje kwa mama Jumapili baada ya ibada, wamwulize kama anaondoka. Ametuma hata kwangu, eti shahidi.

14 Aprili

Hii nitaandika yote.

Walikaa ndani kwa mama kwa sababu mawingu yalikuwa mabaya. Wazee saba, wanawake mlangoni, Nikodemo na kalamu yake mfukoni. Mzee Magabe naye amekuja, amekalia debe, kiti hakuna. Mama amevaa gauni la kanisani, amekunja mikono.

Nikodemo akasimama, akasema kwa maneno mazuri kwamba wanamheshimu mama mkubwa, wala hawamkatazi furaha yake, ila anapoolewa utaratibu ufuatwe, shamba na boma virudi nyumbani kwa wenyewe. Akanigeukia. "Na binti yake ndiye aliyetuletea habari."

Mama hakunitazama. Akawauliza wazee, "Nani hapa amesikia kwa mdomo wangu kwamba naolewa?"

Nikodemo akaninyooshea kidole. Mama akasema:

"Mimi siolewi. Mimi naoa."

Mokami, wanawake wa mlangoni walianza kama watu wanaokohoa, halafu wakaangua kicheko, bibi mmoja kipofu akapiga makofi. Mimi nilisimama pale kama nguzo. Akinyi. Akinyi na Kiswahili chake, siku moja katika maisha yake yote amesema neno sahihi, na mimi nikamrekebisha.

Mzee Magabe ni baba wa bibi harusi. Ana binti anaitwa Mogesi, miaka ishirini na miwili. Mama amemwoa huyo binti, kwa ile desturi yetu ya nyumba ntobu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke, huyo anazaa na mwanaume wa pembeni, watoto wanakuwa wa nyumba ya aliyemwoa, wanaitwa kwa jina la tata, na wanarithi. Wewe unaijua. Mimi naijua. Bibi yetu mwenyewe alitusimulia. Lakini mama ni mtu wa kanisa, amefundisha watoto Jumapili, nani angemfikiria? Mchungaji naye amekwisha kumwambia asisogee meza ya Bwana mpaka atubu, na mama akamjibu atatubu akishapata mjukuu.

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema basi, nyumba imesimama, hakuna anayeondoka, huyo wa mkonge ang'oe mkonge wake. Nikodemo akabonyeza ile kalamu. Mwisho akasema hayo ni mambo ya zamani, yeye atakwenda baraza la kijiji, na kule wataangalia nani ana haki, si nani ana ng'ombe.

Ng'ombe. Hapo ndipo nilipokumbuka. "Wewe ndiye Waisiko mwenye ng'ombe?" Mzee wa watu hakuwa anaulizia mali. Ng'ombe waliotolewa ni uzao wa mahari yangu mimi, wale waliokuja nilipoolewa. Alikuwa anataka kuona sura ya mtu ambaye ng'ombe wake wanamchukua binti yake.

Watu walipotawanyika nikamshika mama jikoni, nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungejua, ungekwenda kumwambia Nikodemo."

"Nisingemwambia."

"Hukujua, na bado ulimwambia."

Hapo alinipata. Lakini hasira haikuisha, ilibadilika upande tu. Nilimuuliza mimi ni nini katika nyumba hii. Akasema wewe ni mtoto wangu. Nikamwambia basi kwa nini nyumba inaitwa ntobu, nyumba iliyopungukiwa? Nani amepungua? Mimi nimezaliwa humu, Mokami amezaliwa humu, nimelima humu na mtoto mgongoni, nimemwosha tata kwa mikono hii alipokuwa hawezi kugeuka. Siku zote hizo nyumba ilikuwa tupu? Tulikuwa wapangaji?

Mama akachukua ungo, akapepeta wimbi. Akapepeta wimbi hadi nikaondoka.

20 Aprili

Viwavi wameingia kwenye mahindi. Tunaokota mmoja mmoja tunatia kwenye kopo la majivu. Nikiokota namwita kila mmoja Nikodemo.

5 Mei

Bibi harusi ameletwa. Sikutaka kwenda, Dorah akasema tutaonekana tumesusa, nikasema ndiyo, tumesusa, halafu nikaenda.

Mwembamba. Ana mtoto wa kike mgongoni, hajafikisha mwaka, baba yake alimkimbia. Akapiga magoti kidogo akaniambia, "Shikamoo wifi." Wifi. Mke wa kaka yangu ambaye hakuzaliwa. Nikapita nikamwendea mtoto. Mtoto hana kosa.

12 Mei

Palizi ya pili. Mogesi ana mkono wa kazi, lazima niseme ukweli. Anang'oa gugu na mzizi wake. Hatujazungumza.

19 Mei

Tumezungumza. Tulikuwa tunakata majani ya ng'ombe kule kwenye mkonge wa Nikodemo ambao bado haujang'olewa. Nikamuuliza, kwa ubaya, sikatai, kama alipenda kuja kuolewa na bibi kizee.

Akasema, "Wifi, sikuulizwa. Baba aliniambia funga nguo." Akakata majani kidogo. Akasema hapa hapigwi, na mtoto anapata maziwa, hilo anamshukuru Mungu. "Ila mama ananitazama tumbo kila asubuhi kama mtu anayetazama mawingu. Na nikizaa wa kike tena, wifi? Na mimi nitatafuta msichana nimwoe?"

Nimeweka mundu chini. Mokami, ana miaka mitatu tu zaidi ya Dorah wangu. Nimeona hivi: mama ameogopa Nikodemo, akachukua ng'ombe walionitoa mimi nyumbani akamtoa mtoto wa mwenzake kwake, ili azae mwanaume, ili huyo mwanaume atuzuie tusifukuzwe. Sisi wote wanne, mama, mimi, Mogesi na Dorah, watano na wewe, sita na huyo mchanga wa Mogesi, tunamsubiri mwanaume ambaye hajapata hata baba. Na shamba liko pale, limelimwa, lina mahindi, na waliolilima wana majina.

Siku hiyo nilimbebea Mogesi mzigo wake. Hakutaka, nikamlazimisha.

26 Mei

Mvua imepungua. Mahindi yanatoa ndevu.

2 Juni

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji peke yangu. Nilijua atanifukuza, nilikuwa nimeshaandaa na matusi. Hakunifukuza. Amesema sheria ya sasa haimwulizi mtu kama ni wa kiume au wa kike. Shamba la tata linaweza kuandikwa kwa majina yetu, mama na mabinti zake, na mama akitaka kumwongeza Mogesi na mwanawe ni hiari yake. Ila mama aseme mwenyewe mbele ya baraza, na watoto wote wa nyumba wawepo au watoe neno lao. Nikodemo ameshapeleka shauri lake. Baraza litakaa tukimaliza kuvuna.

Nilimuuliza mbona hukusema mapema. Akasema mbona hukuniuliza mimi, ulikwenda kunywa soda.

Kumbe kijiji kizima wanajua habari ya soda.

9 Juni

Nimempelekea mama kiti. Nimekiweka mbele yake uani, nikafungua khanga. Akakitazama, akasema alijua siku ile ile, maana mezani kanisani hakuruhusiwa akarudi mapema, akaniona nimekibeba nyuma ya pikipiki kama mgonjwa.

Sikucheka. Nilimwambia yote, ya mwenyekiti na ya Mogesi, na Mogesi alikuwa pale pale anatwanga, nikaongea kwa sauti ili asikie. Nikamwambia mama, Mogesi amekuja, mimi simfukuzi, ni wifi yangu. Lakini hatakaa hapa kama debe la kupokelea mtoto wa kiume. Aandikwe yeye, na binti yake, na mimi, na Mokami. Mtoto wa kiume akija, karibu sana, atakuta mama zake na dada zake wameshakaa. Na kama mama anaona mimi sitoshi kulinda nyumba yake, aniambie sasa hivi mbele ya kiti cha tata, nisilime tena.

Mchi ulikuwa umesimama.

Mama alikaa kwenye kile kiti. Yeye mwenyewe, Mokami. Akapanga gauni juu ya magoti, akatazama chini kijitoni, pale kwenye mkonge. Akasema, "Tata yenu alitaka kuwaandika. Mimi ndiye niliyemkataza, nikamwambia watu watatucheka." Halafu akasema, "Mwite Mokami."

Basi. Akadai jembe.

Usidhani tumepatana. Bado nina hasira naye, ninayo hadi kwenye vidole vinavyoandika hapa. Aliogopa kicheko, na kwa kicheko hicho Mogesi yuko pale na mimi nimelala na wasiwasi msimu mzima. Lakini amesema mwite Mokami, na kwa mama hiyo ni hotuba.

23 Juni

Tumeanza kuvuna upande wa juu. Jana mimi na Mogesi tumeng'oa mkonge. Mikono imejaa miiba. Mama alishika taa ya mkononi ingawa kulikuwa mchana, alisema anataka kuona kila mzizi.

24 Juni

Akinyi anaondoka kesho kwenda Sirari, kwa hiyo nalifunga daftari hapa. Nikodemo anapita kila duka akisema wewe umeolewa Kenya kwa Wajaluo, huna neno Itiryo. Baraza limesema Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba. Ukiweza, njoo mwenyewe na mtoto mgongoni, ukae pale mlangoni wakuone una uso wa tata. Kama huwezi, tuma neno lako upesi, kabla mahindi hayajaisha kukobolewa, shemeji Ogada akuandikie kama mikono imejaa.

Lakini andika, Mokami. Usimpe Akinyi kwa mdomo. Si kwamba atakosea. Atasema sawasawa kama ulivyomwambia, na mimi, navyojijua, nitamrekebisha.

Dada yako,
Waisiko